Kuhamisha barua pepe za kampuni kubwa kwenda kwenye wingu: masanduku ni kazi ndogo, angalia kinachojificha nyuma ya seva

MLETA UZI

Wakuu, habari za kazi.

Tangu Exchange 2016 na 2019, programu za seva za barua pepe za ofisini, zifike mwisho wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, vijana wa IT wa makampuni ya hapa Dar wananipigia simu na swali lile lile: "Kaka, bosi anataka barua pepe ziende kwenye wingu, tunaanzia wapi?" Nimeona jibu niliweke hapa kwa urefu, kila mwenye shida alikute. Kazi hii nimeifanya kwenye kampuni ya usambazaji yenye makao makuu Barabara ya Nyerere na matawi Mwanza, Arusha na Mbeya, na nimewashika mkono wengine wawili watatu. Kote nimekuta hali moja. Watu wanakesha wakijadili leseni na namna ya kuhamisha masanduku ya barua, halafu wanakwama kwenye vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuviandika popote.

Kwa hiyo msimamo wangu nauweka mapema: kabla hujahamisha sanduku hata moja, isikilize seva yako ya zamani kwa mwezi mzima.

Nasema mwezi kwa sababu kuna barua zinazotoka mara moja tu kwa mwezi. Hati za mishahara zinatoka tarehe 25 au 28. Taarifa za madeni ya wateja zinatoka tarehe 1. Ukisikiliza wiki moja, hizo zote zitakupita, na siku utakayozima seva ndipo mhasibu atapanda ghorofani kwako na uso umemkunjamana.

Namna ya kusikiliza ni rahisi. Washa logi (kumbukumbu za kila barua inayopita) kwenye kila mlango wa seva unaopokea barua, ziache zijae, kisha chuja anwani za IP zote zinazotuma bila kuwa Outlook ya mtu. Zifuate moja moja mpaka uzione kwa macho. Sisi tulikuta zile tulizotegemea: printa kubwa za ofisini zinazoskani na kutuma, mfumo wa mishahara, mashine ya alama za vidole ya mahudhurio, kifaa cha betri za chumba cha seva kinachotoa taarifa umeme ukikatika. Halafu kulikuwa na anwani moja iliyokuwa ikituma barua moja tu kila siku, saa 12 na dakika 10 asubuhi. Hakuna mtu wa IT aliyeitambua. Tuliifuata hadi ghala la Barabara ya Mandela, tukakuta kompyuta ndogo imefunikwa kipande cha kanga kuzuia vumbi, imeunganishwa na mzani wa malori. Kila alfajiri ilikuwa inatuma uzito wa malori ya jana kwa msimamizi wa usafirishaji, na yeye kwa barua hiyo ndiyo anapanga nani apakie nini leo. Aliyeifunga alishaacha kazi zamani. Siku ile seva ya zamani ingezimwa kimya kimya, malori yangesubiri getini na hakuna ambaye angefikiria barua pepe.

Kwa nini vitu hivi ni hatari namna hii? Seva ya ofisini imezoea kumwamini kila aliye ndani ya mtandao wa ofisi. Mzani unatuma bila jina wala nywila, na seva inapokea. Wingu haliko hivyo. Exchange Online, yaani Exchange ya wingu, kwa kawaida inataka ama kifaa kijitambulishe kwa akaunti, tena kwa usimbaji wa TLS 1.2, ama ukifungulie njia maalumu kwa IP ya kudumu ya ofisi yako. Printa nyingi za zamani TLS 1.2 haziijui kabisa. Na ukichagua njia ya akaunti, kuna kikomo: barua 30 kwa dakika na wapokeaji 10,000 kwa siku. Kwa printa hiyo inatosha. Kwa mfumo wa mishahara unaomwaga hati za watu 900 kwa mkupuo, nyingi zitakataliwa, na mfumo wenyewe pengine haujui kujaribu tena. Isitoshe, Microsoft wameshatangaza kwamba njia ya kutumia jina na nywila tupu itafungwa hata huko.

Tulichofanya sisi, na ningekifanya tena, ni kuacha mashine moja ndogo ya rilei ndani ya ofisi. Vifaa vyote vya zamani vinatuma kwake, yenyewe inazipeleka kwenye wingu kwa njia salama. Hakikisha tu hairuhusu mtu wa nje kuitumia, na iandike kwenye daftari la mali za kampuni, isije ikawa mzani mwingine wa kufukuziwa miaka kumi ijayo.

Tukija kwa watu. Waalimu wengi wa mambo haya wanakwambia panga makundi ya kuhamisha kwa ukubwa wa sanduku au kwa alfabeti. Mimi nasema panga kwa nani anafanya kazi na nani. Bosi na sekretari wake wahame usiku mmoja. Mmoja akiwa wingu na mwingine yuko kwenye seva ya zamani, ruhusa ya kutuma barua kwa jina la bosi haivuki yenyewe upande wa pili, lazima uiweke kwa mkono pande zote mbili. Sekretari anabonyeza "Tuma", inakataa, na kesho yake asubuhi kuna kikao cha bodi. Vivyo hivyo sanduku la pamoja la mauzo liende na watu wote wa mauzo. Kaa na masekretari kabla hujakaa na wakuu wa idara, maana wao ndio wanajua nani anafungua kalenda ya nani.

Hao hao masekretari ndio watakuonyesha mafaili ya PST, yale ya Outlook ya kuhifadhi barua nje ya seva. Kwa miaka mingi masanduku yalikuwa madogo, kwa hiyo kila mtu alijifunza kuhamishia barua za zamani kwenye kompyuta yake. Utakuta diski D ina faili la 2014, la 2015, mpaka leo, na ndani yake kuna mikataba, mawasiliano na wanasheria, maagizo ya mizigo bandarini. Kompyuta ikiibwa au diski ikifa, historia ya kampuni imekwenda nayo. Kwangu hii ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuhama, maana sanduku la kawaida kwenye wingu lina GB 50 na la ngazi ya juu lina GB 100. Tenga muda wa kuyakusanya mafaili haya na kuyapandisha. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa, lakini usiiruke.

Madereva, walinzi na watu wa ghala hawahitaji leseni sawa na meneja. Zipo leseni ndogo zenye sanduku la GB 2 zinazowatosha. Bei yote ni ya dola, kwa hiyo mweleze mkurugenzi wa fedha tangu mwanzo kwamba gharama itapanda na kushuka na shilingi, na kwamba kodi inaongezeka juu yake.

Intaneti. Hapa watu wanabahatisha wakati hesabu ni nyepesi. Chukua kampuni ya watu 900, kila mmoja ana GB 6 kwa wastani. Hiyo ni GB 5,400. Laini ya faiba ya Mbps 100 inapandisha, kwa nadharia, GB 45 kwa saa, yaani saa 120 bila kupumua. Lakini mchana watu wanafanya kazi, na Microsoft nao wanabana kasi upande wao. Ukipata nusu ya kasi kwa saa 10 za usiku, ni GB 225 kwa usiku, kwa hiyo masiku 24. Halafu muulize mtoa huduma wako kasi ya kupandisha ni ngapi, maana vifurushi vingine kasi wanayoitangaza ni ya kushusha tu.

Njia ya kuhamia: kwa kampuni kubwa chagua mseto, yaani seva ya zamani na wingu zikae pamoja kwa muda, huku masanduku yanahama kundi kwa kundi. Microsoft wenyewe wanaruhusu njia ya mkupuo, yaani kuhamisha masanduku yote kwa pamoja, mpaka masanduku 2,000, lakini wanashauri uitumie ukiwa na 150 au pungufu, na ushauri huo ufuate. Kwenye mseto, sanduku linanakiliwa nyuma ya pazia mpaka asilimia 95, linaendelea kujisawazisha kila saa 24, na wewe ndiye unayechagua saa ya kumalizia. Mtumiaji anaona ujumbe wa kumtaka afunge Outlook na kuifungua tena, basi. La maana zaidi kwa matawi yenye intaneti ya kusuasua: faili la Outlook lililoko kwenye kompyuta yake linaendelea kutumika. Kwenye mkupuo, kila kompyuta inaanza kushusha barua zote upya. Fikiria tawi la Mbeya lenye watu 40 wote wanashusha GB 6 Jumatatu asubuhi.

Saa ya kumalizia iangalieni kwenye kalenda ya wahasibu. Tarehe 7 kuna PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), tarehe 20 kuna ritani za VAT, mwisho wa mwezi kuna mishahara. Mimi nilipenda wiki ya tarehe 10 hadi 17, usiku wa Jumanne au Jumatano, ili kesho yake kuna mtu kazini wa kupokea simu. Ijumaa jioni inapendwa sana, lakini matatizo yote yanakuja kulipuka Jumatatu kwa pamoja.

Mwisho kuna domeni yenu, ile .co.tz. Siku chache kabla ya kubadilisha rekodi ya MX, ile inayoonyesha barua zenu zipelekwe wapi, punguza muda wake wa kukumbukwa mpaka sekunde 300 ili mabadiliko yasambae upesi. Kwenye SPF, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeni yenu, kumbuka kikomo cha kuuliza DNS (daftari la majina ya mtandao) ni mara 10. Kampuni kubwa ina mfumo wa masoko, mfumo wa mishahara, mfumo wa wateja, kila mmoja umeongezwa kwenye SPF na mtu tofauti. Ukiongeza wingu unavuka 10, na barua zenu halali zinaanza kutupwa. Safisha kwanza. Washa DKIM (saini inayothibitisha barua imetoka kwenu), kisha DMARC (maagizo ya nini kifanyike kwa barua zinazoigiza jina lenu) kwa hali ya kusikiliza tu, soma ripoti, ndipo ukaze. Hakikisheni na uthibitisho wa hatua mbili umewashwa kwa kila mtu, mkurugenzi mkuu akiwemo, na iwe programu ya simu badala ya SMS, maana laini za simu zinaibwa. Wezi wa siku hizi wanaingia kwenye sanduku la mhasibu, wanasoma kimya kimya mpaka ankara kubwa ifike, wanabadilisha namba ya akaunti ya benki. Ukihamia kwenye wingu bila hatua mbili, ukurasa wa kuingilia unafunguka kwa mwizi yeyote duniani aliyepata nywila.

Karibuni kwa maswali.

MCHANGIAJI

Mkuu asante kwa madini haya. Ila mimi nina hofu moja. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika huko kusini, nchi nzima tuliona cha moto. Sisi tulikuwa na seva yetu ofisini, barua za ndani ziliendelea kutembea kama kawaida. Ukiwa wingu si unakaa gizani kabisa?

MLETA UZI

Hoja yako ni ya kweli na mtu asikudanganye. Tanzania hakuna kituo cha data cha Microsoft, kilicho karibu ni Johannesburg na Cape Town, vilivyofunguliwa 2019. Intaneti ya nje ikikatika, hata barua ya kutoka meza yako kwenda meza ya jirani haitembei.

Mambo matatu yanapunguza makali. Kwanza, barua za kutoka nje hazipotei, seva ya mtumaji inaziweka foleni na kujaribu tena, kwa siku moja mpaka tano, kutegemea seva yenyewe. Na siku ile hata seva yako wewe barua za nje haikuzipata. Pili, Outlook ikiwekwa kutunza nakala kwenye kompyuta, mtu anasoma barua zake za zamani na kuandika mpya zinazosubiri. Tatu, nunua laini mbili, lakini uliza kila mtoa huduma anapita mkongo upi. Laini mbili za makampuni mawili zinazotegemea njia moja ya baharini ni laini moja. Omba jibu kwa maandishi kwenye mkataba.

Kama kazi yenu haiwezi kabisa kusimama saa chache bila barua za ndani, baki na seva. Microsoft walitoa Exchange Server Subscription Edition mwaka 2025 kwa watu wa namna hiyo. Lakini ubaki huku ukijua gharama yake. Machi 2, 2021 Microsoft walitoa viraka vya dharura kwa mashimo ambayo wadukuzi walikuwa tayari wanapitia, na seva nyingi duniani zilivamiwa kwa sababu wenyewe walichelewa kuvipachika. Ukibaki na seva, unahitaji mtu wa kuamka usiku ule ule.

MCHANGIAJI

Habari kaka. Mimi ni mwanasheria wa kampuni, si mtu wa IT. Hujagusa sheria.

MLETA UZI

Shikamoo sheria, dada yangu, na umefanya vizuri kuja.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Masanduku ya barua yamejaa taarifa binafsi: wasifu wa waombaji kazi, vyeti vya hospitali, namba za NIDA. Kuyapeleka kwenye seva za nje ya nchi ni kusafirisha taarifa hizo, na sheria ina sehemu nzima kuhusu hilo. Kwa hiyo kampuni iwe imesajiliwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na suala la kusafirisha lifanyiwe kazi kabla, si baada. Ushauri wangu kwa vijana wa IT ni huu: mwanasheria awe kwenye kikao cha kwanza. Mabenki wana na BoT wa kumjibu, na taasisi za umma waanzie eGA (Mamlaka ya Serikali Mtandao), huko kuna mfumo wa serikali wa barua pepe.

MCHANGIAJI

Kaka msaada wa haraka. Tulihama mwezi uliopita kwa kutoa PST na kuziingiza upya. Barua mpya zinakwenda, ila mtu akijibu barua ya zamani ya mfanyakazi mwenzake inarudi na kosa refu linaanza na IMCEAEX. Tumeambiwa tufute Outlook zote na kuziweka upya, watu 300!

MLETA UZI

Msifute kitu. Ndani ya seva ya zamani, Exchange haikuwa inatumia anwani yenye @ kwa watu wa ndani. Ilikuwa na anwani yake ya siri, ndefu, inayoanza na /o=. Barua zote za zamani zimebeba hiyo. Kwenye wingu mlifungua akaunti mpya ambazo hazina anwani ile, kwa hiyo barua haina pa kwenda.

Dawa: chukua ile anwani ya zamani ya kila mtu kutoka kwenye seva, sehemu inaitwa legacyExchangeDN, umwongezee kwenye akaunti yake mpya kama anwani ya aina ya X500. Kama seva bado ipo unazitoa zote kwa amri moja na kuziingiza kwa nyingine. Kama mmeshaizima, lile kosa lenyewe lina anwani hiyo ndani yake, ila imeandikwa kwa alama: mstari wa chini (_) ni mkwaju (/), +20 ni nafasi, +28 na +29 ni mabano. Ukiigeuza vizuri itafanya kazi. Anza na mtu mmoja, jaribu, ndipo uende kwa wote.

MCHANGIAJI

Mkuu, umegusia siku ya kuzima seva ya zamani. Siku hiyo ni lini? Sisi masanduku yote yameshahama na bosi anataka ile mashine itolewe leo, inakula umeme na dizeli ya jenereta.

MLETA UZI

Leo hapana. Angalia kwanza logi zile zile nilizoanza nazo: kwa mwezi mzima, mishahara ikiwemo, kuna kitu chochote bado kinatuma kupitia pale? Rekodi ya autodiscover kwenye DNS, ile inayoionyesha Outlook sanduku liko wapi, imeshaelekezwa kwenye wingu? Kuna simu ya mtu bado inaigonga? Zikiwa kimya, izime umeme lakini usiiondoe, subiri mwezi mwingine.

Kuna jambo la pili. Kama akaunti za watumishi bado mnaziumba kwenye Active Directory (daftari la akaunti za watumiaji) ya ofisini na zinasawazishwa kwenda wingu, sifa za barua pepe bado zinahaririwa kupitia zana za Exchange. Zamani hilo lilikulazimisha kubaki na seva moja daima. Tangu toleo la CU12 la Exchange 2019, Aprili 2022, unaweza kuweka zana za usimamizi peke yake kwenye mashine nyingine na kuizima seva ya mwisho. Ila fuata maelekezo yao hatua kwa hatua. Kuizima ni sawa. Kuiondoa programu ya Exchange kwa njia ya kawaida kutafuta vitu kwenye Active Directory ambavyo bado mnavihitaji.

Na kabla ya yote hayo, kagua masanduku ya walioacha kazi. Huko wingu ukiondoa leseni, sanduku linakaa siku 30 kisha linafutika, na hakuna wa kukurudishia. Anayeondoka, sanduku lake ligeuze la pamoja kabla hujachukua leseni. Likiwa chini ya GB 50 halilipiwi. Mwambie HR leo hii kwamba fomu ya kuondoka kazini iwe na mstari wa IT, na asisaini mtu kabla ninyi hamjasaini.